Kipande cha Sponji Ambacho Sikukiona

Shangazi Kalunde mpendwa, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, na jina langu usilitoe gazetini kwa maana Kithimani ni mahali padogo.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, na tangu Januari mwaka huu wa 2002 niko na watoto sita wenye ulemavu darasani, mmoja wao ni Hoodo wa miaka minne, binti ya Bisharo anayeuza vitambaa sokoni, mtoto ambaye vidole vyake vimekakamaa na hasemi, na mama yake alikuwa akimlaza kwenye mkeka nyuma ya duka mpaka nilipomsihi miezi mitatu aniletee. Vifaa vya watoto kama hawa hatuna, kwa hivyo nikaanza kutengeneza mwenyewe, nayeyusha vipande vya krayoni kwenye mkebe nafanya matonge ya kujaa kiganja, karatasi naibandika mezani isiteleze, na mipini ya brashi naivisha sponji ya godoro kuukuu nafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, ili mkono usioweza kushika kitu chembamba ushike kinene. Siku Hoodo alipovuta rangi nyekundu kutoka upande mmoja wa karatasi mpaka wa pili, Bisharo aliitundika ile karatasi dukani akawa anaonyesha wateja, "Huyu ni mtoto yangu amefanya, na mkono yake mwenyewe."

Sasa Alhamisi iliyopita nilikuwa nampangusa mtoto mwingine pua, nikageuka nikaona Hoodo ametia mpini mdomoni na midomo imekuwa rangi ya majivu, hapumui, Shangazi, ananitazama tu, nikamlaza kifudifudi kwenye mapaja nikampiga mgongoni mara sijui ngapi mpaka kipande cha sponji kikatoka akalia, na mimi nikalia, na Ndunge ninayefundisha naye akafunga mlango. Akaniambia, "Mwalimu, si amepona? Ukisema, kamati ya shule itafunga hili darasa na hawa wote watarudi kufichwa." Bisharo alipokuja kumchukua nikamwambia leo amecheza vizuri.

Watoto walipoondoka nilichukua ile brashi nikarudisha kile kipande pale kilipong'atwa. Hakikutosha. Pengo lililobaki ni kama ukucha wa kidole gumba. Nimefagia, nimepekua hata ndoo ya takataka, hakuna kitu.

Jana Jumatatu Hoodo alikuja akikohoa, leo Jumanne akivuta pumzi anakoroma kama mtu aliyelala na yuko macho, na Bisharo anasema ni vumbi la kiangazi, amempa asali na habasoda, eti mwalimu unaonaje, nami nikasema eeh, vumbi ni jingi. Labda kile kipande kingine alikimeza tu kikapita. Nikisema, mtoto atarudishwa kwenye mkeka na kazi yangu imekwisha, labda hata polisi wataitwa, na nisiposema naogopa hata kufikiria. Nifanye nini? Binamu yangu anakuja Machakos kesho asubuhi na atakuletea barua hii mkononi. Simu ya shule nimeandika nyuma ya bahasha.

Mwalimu mwenye hofu, Kithimani

SHANGAZI KALUNDE ANAJIBU

Mwalimu, barua yako ilinifikia Jumatano saa nne asubuhi, na wasomaji wajue kwamba majina yote nimeyabadilisha, na kwamba sikungoja gazeti lichapishwe. Nilipiga simu. Ulipokea mwenyewe ukaanza kunieleza habari za kamati. Nikakukatiza: "Mtoto yuko wapi?" Ukasema, "Leo hakuja." Nikakuambia weka simu chini, beba hiyo brashi na kile kipande, kimbia dukani, mwambie mama yake kila kitu, na mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ulikwenda, na hilo sitakunyima. Ulisema mbele ya wateja. Bisharo hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akakuuliza kitu kimoja tu: "Tangu Alhamisi?"

Hospitali ya karibu iliwapeleka Nairobi, na huko madaktari walikitoa kile kipande kilichopotea, kikiwa ndani ya pafu la kulia ambalo lilishaanza kufanya usaha. Daktari alikwambia kwamba mtoto angecheleweshwa siku mbili tu, pengine wao wasingekuwa na la kufanya. Hoodo bado amelazwa, lakini tangu Jumamosi anapumua bila mashine. Mama yake hasemi na wewe.

Sasa jana ulinipigia ukiuliza kama uchome vifaa vyote na uache kazi. Dada yangu, acha. Kwenye sponji ulikosea ukijaribu kusaidia, na mtu yeyote angeweza kukosea hapo. Lakini ulimwona mtoto asiyeweza kusema akikoroma, ukajua kwa nini, na ukamsaidia mama yake kudanganyika. Hapo ulikuwa unajiokoa mwenyewe. Nakuhurumia, hofu inaweza kumfunga mtu mdomo, lakini sitakwambia ni kidogo. Na Ndunge naye asome hapa.

Leo toa sponji yote darasani. Seremala akuchongee mipini ya mti, minene kama ya nyundo na isiyo na ncha, ambayo meno ya mtoto hayawezi kukata. Matonge ya krayoni yakiisha yakawa madogo ya kuingia mdomoni, yatoe. Mtoto anayetia vitu mdomoni akishika brashi, mmoja wenu akae naye mikono mitupu, bila kazi nyingine, na kama hamna mtu, siku hiyo hakuna rangi. Andikia kamati yote yaliyotokea, utie sahihi, kabla hawajasikia sokoni. Wakitaka kufunga darasa, waambie waje kwanza waone mipini mipya na wazazi wawepo.

Halafu nenda wodini. Bisharo asipokutazama, kaa kwenye benchi. Akiuliza, jibu, na usimwombe akusamehe ili upate usingizi. Hoodo kurudi au kutorudi ni uamuzi wa mama yake. Wewe una watoto watano watakaoingia mlangoni Jumatatu, na mikono yao inataka kitu cha kushika. Nenda kwa seremala.