Kisu Nimeenda Nacho

Baba,

Chai iko kwenye thermos. Mbuzi hawajanywa maji.

Kisu cha kukunja usikitafute, nimeenda nacho Tawa kukata na kupandikiza vikonyo vya miembe. Jana Nthiwa alichunia mbuzi wa wageni, akakikunja na damu ndani. Leo asubuhi springi imegoma. Nimekiosha, nikakikausha, nikatia tone la mafuta ya cherehani. Sasa ukisukuma ubapa kidogo tu, springi inamalizia.

Halafu ukaniambia mbele yake, “Wayua, kisu ni cha mwanamume, mpe ndugu yako.” Akacheka! Huyo aliyekikwamisha?

~~Nitamrudishia jioni.~~ Kitalala chumbani kwangu, kikavu, juu kabatini watoto wasipofika. Kazi ni yangu, na kisu ni changu. Siombi msamaha.

Binti yako wa kwanza