Gari Lako Halina Ufunguo

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Mashine ya Kusaga.
Jumapili, 9 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za nyumba nzima, na zangu ziweke juu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wewe na wifi, na kwamba baridi ya huko imeanza kuwaonea huruma. Kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha? Usinijibu kwamba "tunaendelea vizuri". Nakujua. Hata siku ile ulipovunjika mkono ulisema unaendelea vizuri, huku mkono unaning'inia.

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto anatembea kutushinda. Mume wangu yupo na nyaya zake za umeme, leo kazi ipo, kesho haipo. Watoto wanarefuka bila adabu, suruali nikiishona ndefu inageuka kaptula kabla haijapauka. Cherehani zangu zinaenda, ila ile kubwa ina hadithi yake, nitaifikia.

Barua yako tuliipata. Mama aliniambia niisome kwa sauti, nami nikasoma vizuri kabisa mpaka nilipofika pale ulipoandika kwamba gari nimkabidhi kaka yake wifi, kwa sababu ana banda lenye paa, na kwamba Jumamosi atakuja nimpe ufunguo. Hapo nikashikwa na kikohozi. Nikaruka ile mistari nikaenda moja kwa moja kwenye salamu za mwisho, Mama akaitikia na akaenda zake jikoni.

Nikuambie kweli, Kaka: nina wivu. Tena si ule wivu wa kuzungukazunguka nyuma ya mlango. Nakuonea wivu wewe, namwonea wifi, na huyo kaka yake, ambaye sisi tunamwita Bwana Marashi kwa sababu harufu yake hufika kabla yake, namwonea kijicho mpaka chakula hakipiti. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe hupo, na lako lipo, tena linang'aa uani kwetu.

Wewe gari lile unalijua kwa picha. Mimi nililikuta kwenye kiwanda cha mbao, siku niliyokwenda kutafuta ubao wa meza ya kukatia vitambaa. Lilikuwa nyuma ya msumeno, vumbi la mbao limelifukia mpaka kwenye springi, na wenyewe walikuwa wanalitumia kuburuzia magogo. Walikuwa wamelipaka njano. Mtu mwingine angeona chuma chakavu. Mimi nikafuta boneti kwa aproni yangu, nikaona yale mabawa bapa ya juu ya magurudumu, na kioo cha mbele kimelazwa juu ya boneti, na pembeni pale panapofungwa sepetu na shoka. Moyo ulipiga, Kaka. Gari la jeshi kabisa, lile la kwenye vitabu vyetu vya zamani.

Nikakuandikia jioni ileile. Ukanijibu upesi, ukatuma pesa, ukasema ninunue lakini liandikwe jina lako. Sawa. Macho yangu, pesa zako, jina lako. Wakati ule sikuona ubaya wowote.

Tulilivuta mpaka gereji ya Fundi Taratibu, yule mzee ambaye hata ukimwambia nyumba inaungua atakujibu "taratibu". Injini ilikuwa imeshikana kama jiwe. Akamwagia mafuta kwenye silinda, akafunika, akasema tusubiri mpaka yenyewe ikubali. Mimi nilikuwa napitia pale nikifunga duka, kumsalimu tu na kukuletea wewe habari. Kidogo nikaanza kwenda na chai. Kidogo nikajikuta nimeshika msasa.

Kaka, wewe hujui raha ya msasa. Chini ya njano ilitoka bluu, chini ya bluu ikatoka kijivu, na chini ya dashibodi, mahali ambapo jua halijafika miaka yote, nikakuta kijani chenyewe, kile kilichofifia kisicho na mng'ao. Nikabandua kipande kama ukucha, nikakitia kwenye kasha la kiberiti, nikampelekea muuza rangi. Akachanganya nikakataa, akachanganya tena nikakataa. Mwishowe akaniuliza, "Mama, hili gari unalipaka rangi au unalipeleka kuposa?" Nikamwambia achanganye.

Halafu wifi anaandika kwamba likiisha lipakwe rangi ya maziwa, liwekwe viti laini na redio! Mwambie wifi nampenda sana. Ila akiigusa ile rangi, mimi na yeye tutakosana mpaka kwa wajukuu.

Viti na paa nimeshona mwenyewe. Zile foronya za zamani zilikuwa zimeoza, lakini sikuzitupa. Nilizifumua mshono kwa mshono, nikazilaza juu ya turubai mpya, nikakata kwa kuzifuata, kila pindo mahali pake. Ile cherehani kubwa ilivunja sindano mpaka nikawa nazificha nisijionee aibu. Wazazi wa wanafunzi walikuja kuulizia sare wakakuta meza imejaa turubai la jeshi. Na mume wangu, baada ya kuvumilia sana, akataka kujua huyo Koplo ana kitu gani ambacho yeye hana. Koplo ndilo jina tulilolipa gari. Jibu ninalo, ila lingemuumiza.

Siku injini ilipokubali, Fundi aliniambia, "Kaa wewe." Stata ya gari hili iko sakafuni, unaikanyaga kwa mguu. Nikakanyaga. Koplo akakohoa, akatema moshi mweusi, akanyamaza. Nikakanyaga tena, na safari hii akashika, bodi zima likatetemeka, na yule mchomeleaji wa jirani akaacha kazi yake akaja kusimama na miwani usoni. Nililia pale pale, mbele ya wanaume. Halafu nikashuka, nikijua kwamba kilichowaka si changu.

Sasa naliendesha vizuri. Lina ukorofi wake: ukitaka kurudi gia ya kwanza lazima ukanyage klachi mara mbili, ukikosea linanguruma watu wote wakageuka. Likipita sokoni watu wanasimama, wanaligusa, wanauliza, "La nani hili?" Nasema la kaka. Nimesema "la kaka" mpaka mdomo umechoka.

Basi jana Bwana Marashi alikuja. Suruali nyeupe, viatu vya kung'aa, na mkononi ana kishikizo cha funguo cha ngozi, kipya, amekinunua kabisa akitegemea kupewa. Akaingia sebuleni kumsalimu Mama, akamweleza kwamba amekuja kuchukua gari kama ulivyoagiza. Ndivyo Mama alivyopata kujua. Alinitazama mara moja tu. Mimi nikaenda uani.

Baada ya salamu Bwana Marashi akanifuata, akapanda, akaanza kupapasa dashibodi. Akapapasa chini ya usukani. Akainama mpaka kichwa kikagonga. "Dada," akaniuliza, "ufunguo unaingia wapi?"

Kaka, gari lako halina ufunguo. Halijawahi kuwa nao. Lilitengenezwa kwa ajili ya askari, aliye karibu aruke ndani aondoke, asianze kutafuta funguo wakati watu wanapigwa risasi. Lina swichi tu, kama ya taa. Umelimiliki muda wote huu, umeniandikia nimkabidhi mtu ufunguo, na hujui hata hilo. Sikujua nicheke au nitupe kitu.

Nikamwonyesha swichi, nikamwonyesha pa kukanyaga. Akakanyaga. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akakanyaga tena na tena mpaka betri ikaanza kulalamika. Akashuka na suruali ina baka la grisi pale pasipotazamika. "Limekufa hili," akasema. "Nilimwambia shemeji, magari ya zamani ni mzigo." Akasema atarudi na kamba na gari lingine, alivute mpaka kwa fundi wake, waing'oe hiyo injini waweke ya kisasa, na bodi walipanue kidogo liwe na milango.

Milango, Kaka! Kwa Koplo!

Kabla sijafungua mdomo, Mama alikuwa ameshatoka na goti lake. Akamwambia, "Baba, gari hili liko uani kwangu. Haliburuzwi kwa kamba mimi nikiwa natazama. Mwanangu ataandika tena, utakuja." Bwana Marashi akanywa chai, akafuta suruali, akaondoka kwa adabu, na kishikizo chake kitupu.

Alipopotea kwenye kona Mama akanigeukia. "Na wewe toa hicho kilichomo mfukoni. Kinachafua aproni."

Gari halikufa. Lile lisilo na ufunguo madereva wa zamani walikuwa na namna yao ya kulifunga, na Fundi Taratibu alinifundisha. Unafungua kifuniko cha distributa, kile kigawa umeme cha injini, unachomoa rota, kidude cheusi kama kizibo cha chupa, unakitia mfukoni. Bila hicho umeme haufiki kwenye plagi, hata ukanyage mpaka kesho. Wakati Bwana Marashi anamsalimu Mama sebuleni, mimi nilikuwa uani nachomoa. Nilimmiminia chai huku kimenilalia pajani, bado kina vuguvugu la jua la boneti.

Sikuombi radhi. Nikizeeka labda nitaona haya, sasa hivi bado.

Najua gari ni lako. Karatasi zina jina lako na pesa zilikuwa zako, na mimi si mwizi. Lakini hujawahi hata kulikalia, Kaka, na umeliweka kwenye kiganja cha mtu ambaye analiona mzigo, bila kuniuliza, kana kwamba mimi nilikuwa mlinzi wa uani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ungeniuliza ningekujibu. Nakujibu sasa japokuwa hujauliza: nalitaka. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta.

Shangazi anakusalimu, anasema umemsahau. Baba mdogo anakusalimu na anaulizia ile saa uliyomwahidi. Fundi Taratibu anakusalimu, ingawa hajawahi kukuona na anadhani wewe ni mtu wa kubuniwa. Mume wangu na watoto wanakusalimu. Wifi msalimie sana, mwambie sina neno naye, neno langu ni la rangi tu.

Kitu kigumu ulichokisikia ulipoishika bahasha ndicho hicho kidude. Nimekifunga kwenye kipande cha turubai kisikwaruzike. Fundi amehangaika sana kukipata kizuri namna hiyo, kwa hiyo usikiache mezani watoto wakachezea. Kishike kwanza. Ni kipande cha kwanza cha gari lako unachokigusa kwa mkono wako. Ukiona gari ni lako, njoo nacho mwenyewe, mimi nitakaa kiti cha pembeni nikuonyeshe gia. Ukiona ni la kaka yake wifi, mtumie yeye. Nitamwonyesha pa kukichomeka, na sitalia mbele yake. Ukinirudishia mimi, usiandike neno lolote.

Mungu akulinde, akupe afya na usingizi mzuri, na akurudishe tukuone.

Wako akupendaye, hata sasa,

Dada yako,
Sindano.