Unga Ambao Haukuwasha Taa

Jumamosi, Julai. Baridi, na upepo mkavu tangu asubuhi.

Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinauma. Lakini siwezi kuisingizia baridi kwamba ndiyo iliyonifanya nishindwe kula mchana.

Nimegundua kwamba nilichowaambia watu si kweli.

Tangu nimalize kidato cha sita nimekuwa nikitengeneza kitu nilichokisoma kwenye simu: utando wa plastiki laini uliochanganywa na unga wa kauri, ambao ukigongwa unatoa umeme kidogo. Kauri niliitoa kwenye vile visahani vinavyolia ndani ya saa za mezani, saa mbovu nilizoomba kwa fundi. Niliisaga nikiwa nimefunga kitambaa puani kwa sababu ina madini ya risasi, nikaichanganya na silikoni ya kuzibia vioo vya madirisha. Karatasi ya alumini juu na chini, nyaya mbili, na taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama.

Wiki iliyopita tulikuwa shambani Sigino kupura maharage. Niliuweka utando wangu chini ya turubai. Mama akapiga fimbo, taa ikapepesa. Akapiga tena, ikapepesa tena. Jirani yetu, Mama Yohana, aliacha kazi akashika kiuno.

"Mama Fausta, chapa hayo maharage kwa nguvu, simu yangu haina chaji!"

Wote wakacheka. Na mimi, ambaye kwenye kwaya naimba nikiwa nimejificha nyuma ya wenye miili mikubwa, nilisimama mbele ya watu wazima nikaeleza habari za unga wa kauri mpaka wakachoka.

Niseme ukweli: nilifurahi kutazamwa.

Habari zikamfikia Madam aliyenifundisha Fizikia. Jumatatu atakuja shuleni mgeni wa chuo cha ufundi, anayetafuta vijana wawili wa kusoma huku wakisaidia maabara. Madam akanitaja. Kwa hali ya nyumbani, sioni njia nyingine ya kuendelea na masomo mwaka huu.

Jana nikaanza utando wa pili. Unga ulikuwa umekwisha, nikatumia silikoni tupu, nione tu tofauti. Nikaugonga.

Taa ikawaka.

Nilikaa chini kabisa, sakafuni. Kisha nikaukagua ule wa kwanza, nikaona alumini ya juu imebanduka. Kumbe kila fimbo ilipotua, alumini iligusa silikoni na kuachana nayo. Umeme ulitoka hapo, kama ule unaotatarika kwenye sweta ninapoivua miezi hii ya baridi. Nikaibandika alumini ikashika vizuri, nikagonga mpaka kiganja kikawaka moto. Taa haikuwaka hata mara moja. Nikarudi kusoma, safari hii mpaka mwisho: chembe za kauri lazima kwanza zielekezwe upande mmoja kwa umeme mkali. Zangu zimetazama ovyo. Moja ikisukuma, nyingine inavuta.

Hakuna anayejua. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Leo asubuhi nimekwenda Maisaka, nyumbani kwa Madam. Nimemkuta uani akipeta mchele.

"Marahaba, Fausta. Mbona kama umefiwa?"

Nimemweleza yote nikiangalia ungo. Ameacha kupeta, kuku wamesogea kudokoa mchele na hakuwafukuza.

"Na mimi nimeshamwambia mgeni una plastiki inayotoa umeme ikigongwa."

"Inatoa, Madam. Ila siyo kwa sababu niliyosema."

Ameniangalia. Hakukasirika, wala hakunisifu.

"Basi hilo utalisema wewe mwenyewe, mbele yake na mbele ya wanafunzi. Mimi sikusemei."

Njia nzima ya kurudi nimeomba mgeni apate udhuru. Halafu nimeona aibu kwa kuomba hivyo.

Nitabeba tando zote mbili, wenye unga na usio na unga. Akiniuliza kwa nini nilikosea, nitasema niliona taa nikaacha kuuliza. Huenda nafasi ikaenda kwa mwingine. Je, nitaweza kukaa humu ndani mwaka mzima nikijua kwamba niliipoteza kwa mdomo wangu? Nadhani nitaweza. Sina hakika.

Jioni hii nimeandika sentensi ya kwanza ya Jumatatu: "Nilichoamini mwanzoni hakikuwa kweli." Nimeisoma kwa sauti mara tatu. Mara ya tatu Mama ameuliza kutoka jikoni naongea na nani.

Nimemjibu, na watu wa Jumatatu.

"Basi paza sauti, mwanangu. Hawakusikii."