Mchezo Wetu wa Mahari Unaganda

Jumatatu, 3 Juni
Umeme umerudi mtaani kwetu, Katindo. Nimewasha kompyuta. Mchezo ule ule ninaoutengeneza: familia mbili zinajadili mahari, mchezaji anahangaika ndoa isivunjike. Ndugu sitini, kila mmoja na kinyongo chake. Leo nimeongeza mjomba anayenuna akikosa mbuzi wake. Wote wakiingia sebuleni, picha inaganda. Tena!

Jumanne, 4 Juni
Cikuru, mwenzangu anayechora, amekuja. Anasema kosa ni langu kuandika programu kwa lugha ya Python. "Ile luga ya script iko ya vitu kidogo-kidogo, Kavira." Anataka tufute yote, tuanze upya kwa C++, lugha ya kasi anayoijua yeye. Nikikataa, Jumapili anachukua michoro yake na kwenda zake. Miaka miwili ya kazi. Nimekasirika. Lakini bila yeye sina mchezo.

Alhamisi, 6 Juni
Python naipenda. Nikibadili tabia ya shangazi wa mchezoni, naiona papo hapo. C++ siijui. Ningekuwa mwanafunzi ndani ya mchezo wangu mwenyewe. Kiburi? Ndiyo. Na woga.

Jumamosi, 8 Juni
Mahari ya binamu yangu, huko Mugunga. Nyumba imejaa, lakini wanaosema ni wawili tu, msemaji wetu na wa kwao. Nikapaza sauti kuhusu mbuzi wa bibi. Mama mdogo akanifinya, akinionyesha msemaji wetu. "Nyamaza! Porte-parole njo anaongea. Ambia yeye."

Nimecheka peke yangu, watu wakanitazama. Kwenye mchezo nimeandika kila ndugu amsikilize kila ndugu, kila wakati. Sitini kwa sitini. Lugha gani ingevumilia? Nyumbani siku za kawaida kila mtu humwingilia kila mtu, ndiyo maana sikuona ajabu; kwenye mahari husema msemaji tu.

Nimerudi mbio kuandika. Sasa ndugu wanamnong'oneza msemaji, msemaji anasema. Picha inakwenda. Sijui kama itamtosha Cikuru.

Jumapili, 9 Juni
Cikuru amekuja baada ya misa. Hakukaa. Amewaingiza ndugu wote sebuleni. Haikuganda. Hakuomba radhi. Amesema tu mvua inayonyesha mchezoni bado kompyuta inaionyesha polepole, sehemu hiyo ataiandika yeye kwa C++, mengine yabaki Python. Ni kweli. Nimekubali bila kubisha, mimi!

Amevua koti, akavuta kiti, akaanza na mvua. Nilifurahi mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Nikaenda kuchemsha chai.