Kopo la Vifungo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Magoti yako yanaendeleaje? Mimi mzima, na cherehani imepona.

Shemeji yako bado mkono wa kulia haujarudi tangu kiharusi. Juzi nikimfunga vifungo vya shati huku namsifu Mungu, akasema, "Fundi, Mungu hawezi kutenda ubaya. Sasa sifa za nini? Hata cherehani yako haiibi kwa kuwa haiwezi, na hujawahi kuisifu."

"Tulia, nisije nikafunga na huo mdomo."

Akacheka, kisha akauliza taratibu, "Na wewe unabaki kwa sababu huwezi kuondoka?"

Dada, alikuwa ameiona barua yako ya kuniambia nimwache, nije kwako. Niliificha kwenye kopo la vifungo, nikasahau kuwa ndiye anayenichambulia vifungo kwa mkono wa kushoto.

Nikamjibu kwa elimu yangu ndogo: miguu inaweza, moyo ndio hauwezi, na moyo ni wangu, sikushurutishwa na mtu. Labda Mungu naye ni hivyo. Hakuna aliyemfunga, ndivyo anavyopenda. Kwa hiyo namsifu.

Aliinua kidevu nimfunge kifungo cha juu.

Siji, dada. Usinikasirikie. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Fundi