Barua Ndani ya Sigiri

Katwe, Kampala
3 Februari 2024

Mwanangu Dolphine,

Hujambo? Na duka la dawa hapo Bungoma linaendeleaje? Mimi mzima kiasi. Barua naiweka ndani ya sigiri moja, katika haya majiko ya mkaa ninayokutumia uniuzie huko, kama kawaida, maana kwenye simu huniachi nimalize neno.

Tangu moyo uliponilaza hospitalini mwaka jana nameza ile dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu. Sasa mapaja na mabega yananiuma. Jana nyundo ilinitoka mkononi, Onen wa karakana ya jirani akanicheka. Je, ni dawa?

Baba yako,
Wanjala

Bungoma
12 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, hofu ni kwako. Una miaka sitini na mbili na bado unagonga mabati kutwa, halafu unasingizia dawa? Jipake dawa ya kuchua, upumzike Jumapili.

Binti yako,
Dolphine

Katwe
20 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kuchua hakukusaidia. Ile dawa nimeiacha mwenyewe, wiki ya tano sasa, na maumivu yamekwisha. Usinigombeze. Hapa Katwe asiyeweza kushika nyundo hukaa akitazama wenzake, na mimi kukaa siwezi.

Baba yako

Bungoma
29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilikosea. Dawa hiyo huweza kuumiza misuli ya baadhi ya watu, nami sikukuuliza hata swali moja. Lakini moyo wako bado unahitaji kinga. Rudi kwa daktari, mwambie ukweli. Anaweza kukupunguzia au kukubadilishia. Tafadhali, wiki hii.

Binti yako

Katwe
16 Mei

Mwanangu,

Salamu. Nimechelewa, lakini nimeenda. Daktari si mkali kama wewe. Amenipa dawa nyingine. Nitaianza Jumatatu, nikishamaliza oda ya sigiri za wateja wa Kamwokya, mkono usije ukauma tena katikati ya kazi. Sigiri hii ni yako, si ya kuuza.

Baba yako

Bungoma
29 Mei

Baba,

Salamu sijui niziweke wapi. Jumamosi, siku mbili baada ya wewe kuandika, Onen alinipigia simu kuniambia kwamba umeanguka karakanani na hukuamka. Tulikuzika tarehe ishirini na nne. Sigiri imefika jana, ilikwama mpakani. Nimesoma barua, nikamhudumia mteja, nikaisoma tena.

Sijui kama ni kuacha dawa au moyo ulikuwa umechoka tu. Daktari naye hakuweza kusema. Watu wanangoja nilie. Moyoni sisikii kitu.

Leo mama mmoja alitaka dawa ya kuchua mapaja. Nilimwuliza anameza dawa gani nyingine. Akataja ileile. Nilifunga duka nikampeleka hospitali.

Sigiri sijaiwasha. Barua hii naiweka ndani, kama kawaida.

Binti yako,
Dolphine