Kicheko cha Jini Ulichotuachia

Temeke, Ijumaa, baada ya kazi

Rafiki yangu Idi,

Ninaogopa. Naanza na hilo ili nisijifanye shujaa mbele yako, wewe uliyenijua.

Ile senema imerudi. Ile ya zulia linaloruka na jini la mtungini, uliyokuwa ukitutafsiria uwanjani kwa kipaza sauti. Itaonyeshwa kesho, pazia likitundikwa kwenye fremu ile ile uliyoichonga mwenyewe kule Keko. Mwenye mashine ya senema amenitaka nisimame mahali pako, kwa kuwa nimesoma sekondari na Kiingereza nakisikia.

Tangu tukuzike, mtaani wana neno moja: "Kaliiga jini sauti, mwenyewe kaja kuidai." Wanaikumbuka siku yako ya mwisho. Siku zote, kabla mtungi haujafunguliwa, mama yako alipitisha chetezo cha ubani mbele ya pazia, nawe ulingoja moshi upite ndipo ucheke kicheko cha jini. Siku ile manyunyu yalizima makaa. Ukacheka hivyo hivyo, uwanja mzima ukapiga mayowe, nawe ukaniminya bega: "Mwalimu, umeona? Hata mvua imekimbia!" Wiki haikuisha, homa ikakulaza.

Kwenye shajara yangu niliandika kwamba ulikuwa ukitetemeka tangu kabla ya onyesho. Najua ilikuwa malaria. Lakini nani mtaani anataka habari za mbu?

Wanaoumia ni watu wako. Shemeji Zuhura hukaanga vitumbua kama zamani, kisha huvirudisha ndani vimepoa. Mwanao Mosi akitoka kucheza, wenzake wanatawanyika: "Mtoto wa jini, usituguse!"

Jana nilimwendea Shemeji kumwambia nitatafuta udhuru. Hakuinua macho kwenye kikaango.

"Ukikataa, shemeji, utakuwa umewapa haki. Na ukicheka, kisha ukaugua..."

Akageuza vitumbua.

Hiyo ndiyo hofu yangu, Idi. Si jini tu, ingawa mie, mtoto wa kanisani, siku hizi nachungulia mtungi wa maji kabla ya kuchota. Ni kichwa hiki kinachoniuma tangu Jumatano. Nameza kwinini, nalala ndani ya chandarua. Homa ya kawaida tu ikinishika wiki ijayo, watasema jini limeua wawili, na Zuhura itambidi ahame na mtoto.

Nimejaribu kicheko chako chumbani. Kimetoka kama kikohozi.

Mama yako aliniahidi chetezo. Nimemwomba akiache nyumbani. Moshi ukipita nami nikabaki mzima, watasema ubani ndio ulioniokoa, na wewe utabaki yule aliyechukuliwa. Nitacheka bila moshi, kama ulivyocheka.

Kisha nakuahidi: Jumapili, kabla ya ibada, nitakaa barazani kwa Zuhura nile vitumbua, kila apitaye anione. Jumatatu pia. Jumanne pia. Nikiwa na homa nitakuja nayo, na jasho likinitoka nitausingizia moto wa kikaango.

Pumzika, ndugu yangu. Na kesho, ukinisikia nacheka vibaya, tafadhali nyamaza. Usinisahihishe.

Wako,
Yohana